Vidoti Viwili vya Noëlla

Yaya Noëlla,

Mvua ya mchana ikigonga mabati hapa Kindu, mimi husinzia mbele ya kompyuta, na wewe huja. Unakaa kwenye kiti cha plastiki, unasoma juu ya bega langu, na herufi zinapita polepole kwenye kioo kama magugu juu ya mto Lualaba. Nikiamka nakusogezea nafasi mezani. Nina hamu nawe, dada yangu, hata na ugomvi wako.

Ule wakati wa vita, treni haifiki, maboti hayapandi, tulijifungia mtaani Kasuku tukitafsiri programu ya kadi za watoto wa maternite, wodi ya wazazi, kutoka Kifaransa. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi, mimi nikajiona fundi tayari. Niliijaribu kwa majina ya kwetu: Amisi, Ramazani, Mwamini. Yakatoka safi, nikatangaza tumemaliza. Kumbe Kiswahili chetu hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo kila mashine hukisoma sawa hata ikiwa imekosea namna herufi zilivyohifadhiwa. Ndipo akaja mama mmoja kutoka mji wa Kalima, mtoto mgongoni, kadi mkononi. Zoé wake amekuwa ZoÚ. "Iyi njo jina ya nani? Haiko ya mutoto wangu." Ulimwomba radhi. Alipotoka ukacheka mpaka machozi: "Amisi, weye hauna shida, mashini yote inakujua!" Kisha ukaketi, ukarekebisha jina baada ya jina, mpaka mafuta ya jenereta yakaisha.

Sasa treni huja ikipenda, pikipiki zimejaa Kasuku, na kila kituo cha afya kina kompyuta yake. Mafaili yetu ya vita yanafunguliwa kote, na kila mashine inakisia kivyake. Hapa yanasomeka, Kalima yanaharibika. Hata matanga yako hayajapoa, wenzangu wa kazi wakasema tufute alama zote, yaishe. Zoé awe Zoe. Nawe, uliyeandikwa juu kabisa ya programu kama mtafsiri, uwe Noella. Yaya, nilikasirika. Niliona kama wanakuzika mara ya pili.

Nikakumbuka neno lako: "Usiulize mashini. Uliza fishie yenyewe," yaani faili. Basi programu sasa haiulizi kompyuta imezoea nini. Inaangalia kwanza kama faili limejitaja aina ya herufi zake. Kama halikujitaja, inapima kama herufi zinakubaliana na namna mpya ya kuzihifadhi. Zikikataa, hapo tu ndipo inazisoma kwa namna ile ya zamani, ya vita. Na kila faili jipya linajitaja mstari wa kwanza. Nilipanda pikipiki hadi Kalima kuijaribu. Zoé akatokea, Hélène akatokea, halafu wewe, na vidoti vyako juu ya kichwa. Nililia mbele za watu, na wenzangu hawakutaja tena habari ya kufuta.

Kumebaki sehemu moja. Msalabani pako fundi wa rangi ameandika Noella, wazi, bila kitu juu. Siku ya mazishi sikuona, macho yalijaa. Jumapili nakuja na brashi na rangi nyeusi.

Pumzika, Yaya. Maadamu niko hai, hakuna atakayekukisia.

Mdogo wako,
Amisi