Mimi Sili, Lakini Sahani Hurudi Tupu

Mama Namfame mpendwa, wewe uliyefungwa kwa ajili ya imani ukatoka hai, naomba unisaidie kabla sijarukwa na akili, na nakusihi sana majibu yako usiyapeleke kanisani yakasomwe mbele za watu kama unavyowafanyia wengine, mpe tu huyu mchukuzi wa sufi aliyekuletea barua, yeye atanifikishia mkononi. Mimi ni mke wa mtu, nina watoto wawili, natia rangi sufi hapa mjini Hadrumeto, ile zambarau ya konokono wa baharini, kwa hiyo mikono yangu unaweza kukisia ilivyo na harufu yangu pia.

Kazi hii niliifanya miaka tisa na mwenzangu Matana, pipa moja, tulibatizwa siku moja, na kwenye ibada tulikaa mwisho wa benchi la wanawake, yeye upande wa ukuta na mimi kushoto kwake. Mwaka jana ilipotoka ile amri ya Kaisari kwamba kila mtu aende uwanjani akawafukizie miungu ubani ili apewe hati ya kuthibitisha kwamba ametii, tuliapiana kwamba hatuendi ng'o, lakini Mama, niliwatazama wanangu asubuhi wanakunywa uji, moyo ukanilegea, nikatoroka peke yangu, nikapanga foleni, nikatia ubani kwenye moto, na nikiwa nangoja hati ndipo nikamwona Matana, amekuja kunitafuta anirudishe nyumbani, akanishika kiwiko. Ofisa akaitazama mikono yake, akaitazama yangu, yote ya zambarau, akaniuliza, "Huyu ni mwenzako?"

Nikasema, "Simjui."

Nilisema hivyo Mama, naye kiwiko changu hajakiachia. Matana akanitazama, wala hakukasirika, akamwambia yule ofisa, "Kweli, hanijui. Mwache aende zake. Mimi ni Mkristo." Wakamchukua. Alifia gerezani siku ya kumi na moja, na wanasema ni kiu iliyomuua.

Hakuna anayejua. Mume wangu alikuwa shamba kwenye zeituni, watu wakadhani nilijificha, wakaniita mwanamke imara, nami nikaitikia. Ile hati nimeishonea ndani ya mto na mume wangu anaulalia kila usiku. Sasa kanisa letu limegawanyika pande mbili kwa ajili ya hao waliotia ubani, nusu wanasema warudi kwenye meza ya Bwana leo leo kwa sababu mashahidi waliofungwa wamewaombea, nusu wanasema hata wakifa wasisogee, na mume wangu ndiye kinara wa hao wa pili, akila dengu anasema aliyetia ubani asimkaribie atamtia nuksi, nami namwongezea mchuzi naitikia ndiyo baba fulani, ndiyo. Wiki mbili zilizopita wanaume kwenye ibada walikataa kupeana busu la amani, walisimama wakatazamana tu.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Tangu siku ile siwezi kuula mkate wa Bwana, haumezeki. Shemasi wetu Kresko huhesabu vichwa mlangoni, tuko arobaini na watatu, na mkate humegwa vipande arobaini na vitatu, havizidi havipungui, Kresko kwa hesabu humwezi. Sahani hupita benchi kwa benchi na mimi ndiye wa mwisho, maana mahali pa Matana hapana mtu. Natia mkono, nafumba ngumi tupu, napeleka mdomoni. Basi si kipande kimoja kingerudi? Hakirudi. Mara ya kwanza nilisema Kresko kakosea. Mara ya pili nilikiona kipande kwa macho yangu, nikapeleka ngumi mdomoni, nikampa Kresko sahani, haina kitu. Jumapili iliyopita nilishika sahani kwa mikono miwili nikakikodolea macho, nikapepesa mara moja tu, kimetoweka, kisha nikasikia upande wa ukutani mtu anatafuna taratibu, kwa upande mmoja wa taya, na Matana hakuwa na magego ya kulia.

Na wakati wa busu la amani nikigeuka kumbusu dada wa kushoto, shavu langu la kulia nalo hubusiwa. Midomo mikavu, imepasuka. Namgeukia, naona ukuta tu.

Baada ya siku tisa mwaka unatimia tangu afe, tutaifanya kumbukumbu yake, na Kresko amenichagua mimi nisimame nieleze ushuhuda wake kwa kuwa nilimjua kuliko wote. Nikisema kweli, mume wangu atanifukuza, nitaondolewa benchini, na hao wakali watapata kuni za kuwashia moto wao, kanisa lipasuke moja kwa moja. Nikisema uongo, nitausema na yeye ameketi hapo hapo. Nifanye nini? Na ni kitu gani kinachokula fungu langu?

Ni mimi binti yako wa Hadrumeto.


Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimetaka kukuzaba kibao kisha nikukumbatie. Uliniomba nisiipeleke kanisani. Barua yako imebaki kwangu, hakuna atakayeiona, lakini jibu langu nimelipeleka lisomwe kwenu siku ya kumbukumbu ya Matana, baada ya Maandiko na kabla ya mkate. Neno lako ulilisema uwanjani, watu wakisikia. Mambo ya uwanjani hayatengenezwi kwa karatasi ya kufichwa kwenye sufi.

Kwa hofu sikulaumu. Mimi mbele ya hakimu nilijikojolea, na sioni haya kulisema. Ninachokulaumu ni huu mwaka mzima: kuitwa imara ukaitika, kusikia wenzako wakitukanwa mezani kwako ukaongeza mchuzi, kunyoosha ngumi tupu mbele ya Mungu ukidhani unamdanganya Kresko. Mkate haukukukataa hata siku moja. Wewe ndiye uliyeukimbia, na haumezeki kwa sababu ya neno ulilolimeza kabla yake.

Unauliza ni nini kinachokula. Atatokea mtu akuambie ni pepo, akuletee mafuta na kelele. Mimi nitakuambia nilichokiona. Tulifungwa mimi na Matana chumba kimoja, siku zake zote kumi na moja, tukilalia jiwe moja. Ndugu walikuwa wakitupenyezea mkate wa Bwana kwenye pindo la shuka. Kila ulipofika, Matana alimega chake mara mbili. Anakula nusu, anatulia kidogo, halafu anakula nusu ya pili, taratibu, kwa upande mmoja wa taya. Nikamuuliza mbona hivyo. Akasema, "Hiki ni cha mwenzangu. Kwa sasa hathubutu. Nakula kwa niaba yake mpaka atakaporudi."

Hakumtaja jina. Nilidhani ni homa inasema, sikumwambia mtu. Nilipofika kwenye barua yako mahali pa sahani ilinibidi nitoke nje nikakae juani, na jua lile sikulisikia.

Basi usimwogope. Ila mwaka ni mrefu, na mtu aliyekufa kwa kiu asichoshwe zaidi.

Fanya hivi. Hati uitoe ilipo, umpe askofu mkononi. Uondoke benchini mwenyewe kabla hujaondolewa, uketi mlangoni na wanaotubu, na sahani ikipita usinyooshe mkono wowote, mtupu wala wa kupokea, mpaka siku watakapokuwekea mikono kichwani kukupokea tena. Itachukua muda. Uchukue.

Na nyinyi wengine mnaosikiliza, nisikieni. Mnaotaka walioanguka wapewe mkate leo leo, mtu hulishwa akiwa ameketi, hamlishi aliyelala kifudifudi, atapaliwa. Mnaosema wasirudi kamwe, mnalisema hilo kwa jina la Matana, na Matana nimewaeleza alifanya nini kwa mwenzake, tena kwa mkate uliotosha mdomo mmoja. Mume atakayemfukuza mkewe kwa sababu ya barua hii aje kwanza aniambie mimi usoni, nyumba yangu anaijua kila mtu. Na busu mlilonyimana mpeane leo, kabla sahani haijaanza kuzunguka.

Msomaji, ukimaliza weka karatasi chini, usiongeze neno.

Binti yangu, jina lako sikulitaja na wala sikusema ulimjibu nini yule ofisa. Hilo nimekuachia wewe. Kresko amekuchagua useme habari za Matana, na wote wanakungoja. Simama, na uanze na jibu lile.