Nguru Wangu na Mchanga wa Bi Mwanakombo

Jumatano jioni, Nguvumali.

Kusi limevuma tangu asubuhi, pamoja na manyunyu yale yasiyolowesha nguo lakini yanayomkera mtu kutwa. Mikono yangu inanuka moshi hata baada ya sabuni. Nimekaa kitandani, sijala, ninacheka peke yangu, na nusu ya kicheko chenyewe ni aibu.

Naandika ili niamini kwamba haya yamenitokea mimi Mbaruku, mtu mzima mwenye ndevu.

Washenga wangu wamekwenda mara mbili kwa Bi Mwanakombo kuniposea Zuhura, binti yake aliyerudi nyumbani baada ya kuachwa. Zuhura mwenyewe hana neno. Mwenye neno ni mama. Mara zote mbili amewakirimu kahawa akawarudisha na jibu lile lile, kwamba bado anafikiri. Wiki iliyopita akaongeza: huyo mwanamume si anajisifu kwa samaki wa moshi? Basi aje awakaushe hapa uani kwangu, niwaone, niwale. Na asiniletee mbao, meno yangu yamebaki machache.

Kwa hiyo leo nilikuwa ninakausha samaki huku ninaposa.

Samaki wangu siwabaniki juu ya moto kama wafanyavyo wengine. Nina pipa. Makaa yanakaa chini, juu yake sinia la maji, juu ya sinia wavu wa chuma wenye samaki, kisha nafunika kwa gunia bichi. Maji hulituliza joto, nguru akaiva polepole, akabaki laini. Lakini maji yana tabia mbaya ya kukauka. Tangu kinyozi wangu anunue santuri, kila nikienda kunyolewa nakaa kusikiliza, na nikirudi nakuta sinia limekauka na samaki wameungua. Ndipo nikakumbuka akina mama wanavyooka keki: mchanga ndani ya sufuria kubwa, keki juu ya mchanga, moto chini na juu. Mchanga haukauki, na ukishashika joto hauliachi. Nikaujaribu nyumbani badala ya maji, ukanipa nguru wa kumwandalia sultani. Tangu hapo nimewachosha watu wa mtaa mzima kwa kuusifu.

Leo basi nimechota mchanga pwani, nikautia guniani, nikasukuma baiskeli yenye pipa na nguru mpaka kwa Bi Mwanakombo. Nilipoumimina kwenye sinia ukaanguka mabonge mabonge, umelowa manyunyu, na kaa wawili wadogo wakatoka ndani yake wakakimbilia jikoni kwa watu. Kuku wakawafuata. Zuhura akajifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Mchanga mbichi haufai, unalimaliza joto lote kwa kujikausha wenyewe. Na makaa yalikuwa yamekwisha kukolea. Nikatazama huku na huku. Karibu na mlango wa chumba cha mama nikaona sinia jingine, limejaa mchanga mweupe, mkavu, uliochekechwa ukawa laini kama unga.

Nikasema moyoni, hawa ni watu wa maana, wameniandalia.

Sikuuliza. Mama alikuwa amelala baada ya adhuhuri, na Zuhura alikuwa jikoni akifukuza kaa. Nikalitwaa sinia, likaingia kwenye pipa kama lililopimiwa. Nikatandika majani ya mgomba juu ya mchanga yadake mafuta, nikapanga nguru wavuni, nikafunika. Kisha nikakaa kwenye kigoda nikijiona mwenye nyumba.

Adhana ya alasiri ilipolia, Bi Mwanakombo akatoka. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia vizuri tu. Halafu akainama pale mlangoni, akapapasa sakafu.

“Zuhura, nani katwaa mchanga wangu wa kutayamamia?”

Nikainuka kigodani. Kumbe daktari amemkataza kugusa maji mpaka ngozi yake ipone, kwa hiyo kabla ya kila sala anatayamamu kwa mchanga huo badala ya kutawadha. Anauchekecha kwa mkono wake na hataki mtu mwingine auguse. Na sasa ulikuwa ndani ya pipa langu, chini ya nguru.

Nilifikiria kunyamaza. Ukweli ni kwamba nilifikiria sana. Zuhura alimwambia mama apige viganja ukutani, ukuta nao ni udongo. Mama akasema ukuta ule mbuzi wa jirani wanajikunia. Zuhura akasema basi achotewe mchanga wa nje. Mama akasema wa nje una kuku. Wakaanza kutafuta chini ya kitanda na nyuma ya mtungi, na mimi nikatafuta pamoja nao, nikainua hata mkeka. Nikilifunua pipa kabla ya wakati, joto linatoka, nguru anaharibika na posa yangu imekwisha. Nisipolifunua, alasiri ya mama wa watu inampita.

Nikasema, “Mama, mchanga uko ndani ya pipa. Nilidhani mmeniwekea mimi.”

Alilitazama pipa, akanitazama mimi, kisha akaketi kwenye kile kigoda.

Nikafunua. Nikauondoa wavu wa samaki, nikalitoa sinia kwa matambara, nikalitua chini, nikayaondoa majani. Mchanga ulikuwa mweupe vile vile, lakini ukiugusa kwa kidole unakiondoa mbio. Ile sifa ya kutoacha joto, niliyoitangaza mtaa mzima, leo ndiyo iliyonikaba. Zuhura akaniletea kipepeo cha kuchochea makaa. Nikachuchumaa na kanzu yangu, nikaanza kuupepea mchanga. Kuku wakaja kutazama. Nikapepea, nikaugeuza kwa mwiko, nikapepea tena, jasho linanichuruzika na upepo wa kusi wote ule. Jua likazidi kushuka. Gari moshi la jioni likapiga honi huko stesheni. Mama alikuwa anavuta uradi tu.

Mwishowe akaweka viganja juu ya mchanga. Akaviacha pale. Vidole vyake vina baridi yabisi, na kipupwe hiki kinavikunja. Alifumba macho kitambo, ndipo akapaka uso na mikono, akaingia ndani kuswali. Nami nikaswali alasiri yangu barazani, nikinuka kama soko la samaki.

Nguru aliharibika kama nilivyoogopa, nje ameshika rangi, ndani bado mbichi. Nilitaka kulia. Zuhura alimkata vipande akamtia kwenye tui la nazi kwa ndimu na pilipili. Mama akala, kisha akaongezwa. Mimi sikuweza kumeza hata tonge.

Nikalifunga pipa kwenye baiskeli, nikaaga. Bi Mwanakombo akasema kutoka ndani:

“Huu wa alasiri umenipashia moto. Wa alfajiri je, nani atanipashia?”

Nikajibu upesi kwamba nitakuja mimi, kila alfajiri, wala sitachelewa. Zuhura akaangua kicheko akakimbilia jikoni. Nikaondoka nimeudhika, maana sikuona cha kuchekesha.

Nilikuwa nimekaribia kwangu niliposimama ghafla katikati ya njia, pipa likachomoka likaniangukia mguuni. Alfajiri mlango wa ua ule umefungwa kwa komeo. Saa ile mwanamume hawezi kuwa ndani ya nyumba ile ila awe mume wa Zuhura. Na aliyeuliza ni mama mwenyewe.

Mguu umevimba, na sina habari nao. Kesho jua likichomoza tu nawatuma washenga wangu tena, na safari hii wabebe chekeche jipya wampelekee mama.