Wimbo Haukulipandisha Lori

Mussa, umeangalia viatu vyako. Mzee Mabruki anaitwa mlevi mbele ya ukumbi mzima hapa Mtendeni, wewe unaangalia viatu.

Mimi nimetolewa nje kwa kumbishia, nakuandikia hapa dirishani. Sawa, nimezoea.

"Lori lilirudi nyuma kwa sababu dereva alikunywa." Ati alikunywa, ndivyo Katibu alivyosema kwenye hotuba. Katibu yuleyule aliyetuhamisha mwaka 74, leo ndiye mgeni rasmi.

Mabruki hakunywa kitu. Kwenye mwinuko kabla ya Ipole lori lilikohoa, likasimama. Lilibeba kaya zetu, milango yetu, mizinga ya nyuki, na juu ya yote mashine ya kusaga ya Katibu. Mabruki akashuka akasema, "Ndugu Katibu, injini ni ileile, mzigo ndio umekua. Watu washuke, wapande kwa miguu."

Katibu akakataa. Kijijini tulikuwa tunasubiriwa na ngoma, na waliohama kwa hiari hawafiki wakitembea. Akatuamuru tuimbe, eti ari itaongeza nguvu.

Tuimbe, Mussa. Injini iongezewe nguvu kwa wimbo.

Mama yako Batuli akamwambia, "Babu yangu alikuwa mpagazi. Akichoka walimpunguzia mzigo, hawakumwongezea wimbo."

Tukaimba. Kwenye ubeti wa pili lori likarudi nyuma, likapinduka. Mguu wa mama yako ulibaki chini ya ile mashine.

Wewe ulikuwa umepakatwa naye.

Bado wanakunywa chai. Mabruki amekaa peke yake karibu na mlango. Weka simu mfukoni, simama, sema nani aliamuru wimbo. Sasa hivi.