Kuku wa Makurunge Hawakufa

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba mwanangu. Huku Kaole sote wazima. Goti la bibi yako limepata nafuu, na yule mbuzi wako kazaa mapacha.

Umeniuliza ufanyeje, maana wafugaji wa huko Lugoba hawakupi ukweli kwenye utafiti wako wa mifugo.

Nilipokuwa bwana mifugo kijana nilitumwa Makurunge kuchunguza mdondo, ule ugonjwa unaofyeka kuku. Nikapita nyumba kwa nyumba na daftari, nikiuliza kuku wangapi wamekufa. Kila mlango jibu moja: "Hajafa hata mmoja, alhamdulillahi." Nikaandika sifuri, huku mabanda nayaona matupu. Nikasema moyoni, watu hawa waongo kwelikweli!

Siku ya tatu mwenyeji wangu, Bi Chausiku, akanitengea tena wali kwa kuku. Nikamwambia, "Mama, unanikirimu mno."

Akacheka. "Ukarimu gani, baba? Kuku akianza kusinzia tu, tunamwahi kwa kisu. Tukimwacha afe mwenyewe si kibudu huyo? Nani atamla?"

Hakuna aliyenidanganya. Ugonjwa niliokuwa nikiutafuta siku zote tatu nilikuwa nimeushika mkononi, paja zima.

Nikalimalizia, lilikuwa tamu. Kesho yake nikarudi nyumba ya kwanza na kuanza upya. Safari hii niliuliza wiki nzima wamekula nini.

Babu yako, anayekuombea kila swala