Hatua za Mama Nakijwa

Dada Rehema, shikamoo kutoka Ugweno.

Ile aplikesheni ya kuhesabu hatua na kukutumia idadi yake uliyoniwekea kwa ajili ya presha inafanya kazi vizuri. Ila mtandao huku unapatikana juu mlimani tu, kwa hiyo mwenyeji wangu, Mama Nakijwa, huifunga simu yangu kwenye kanga kila asubuhi anapopanda kukata majani ya ng'ombe, ili meseji zako ziingie. Mimi nabaki jikoni na makande. Nje ni ukungu na baridi.

Jana akarudi na meseji yako: "Hongera mdogo wangu, kumbe unatembea!" Nikamwambia hongera hizo ni zake. Akatua mzigo wa majani.

"Kwani kutembea nako kuna hongera?"

Basi usiwe na wasiwasi, dada. Presha ya Mama Nakijwa iko salama.

Akupendaye,
Elia