Uliitwa Kuongea Kidogo Tu

Baba,

Shikamoo. Hata huko uliko, sijui kuanza bila hiyo.

Yule mpelelezi wa polisi alikuja msibani kwako. Alikaa chini ya turubai na wazee, akala wali, akaomba aongezewe nyama, halafu akanipa pole huku anachokonoa meno. Akasema ulikuwa mtu mwema. Nilimjibu asante kwa sababu Mama alikuwa ananitazama.

Mtu mwema. Ng'ombe wa jirani walipoibwa kule Katindiuka, si yeye aliyekupigia simu? "Mzee wangu, njoo tuongee kidogo tu." Nilikuomba tutafute wakili kwanza. Ukacheka. "Mayu, wakili ni wa wezi." Ukavaa koti lako la kanisani, ukaenda peke yako kama mtu aliyealikwa harusi.

Akakusalimu kwa Kisukuma chake kibovu, akakuagizia chai, nawe ukamwona ndugu. Ukamweleza yote: alfajiri ile ulikwenda mtoni kumtafuta dume wako aliyepotea, ukaona ng'ombe wanavushwa, ukadhani mwenyewe anahama. Yeye akaandika kwamba ulisaidia kuwavusha. Akakusomea harakaharaka, ukaweka dole gumba. Ulipoyakana maelezo hayo mahakamani, alisimama akasema ulitoa maelezo kwa hiari yako, tena ulikunywa chai. Ndiyo akili yake yote hiyo: birika la chai na uso usioona haya. Ikatosha kukufunga. Ukarudi kutoka jela na kile kifua kilichokuua.

Sasa sikia. Baada ya kukuzika, polisi waliniita mimi. Mpunga ulioibwa Mlimba ulikutwa kwenye ghala la Mlabani ambalo nimekodi upande mmoja. Naingia, nani yuko mezani? Yeye. Nywele kazipaka rangi. "Karibu dada, tuongee kidogo tu." Hata maneno hajabadilisha.

Nikamwamkia, nikamwambia nitajibu wakili wangu akifika.

"Mtu safi wakili wa nini?"

Nikanyamaza. Akasema nitalala ndani, na wanangu watapikiwa na nani. Nikamrudia lile lile: wakili kwanza. Usidhani ni ushujaa, Baba. Nilikuwa nahesabu misumari ya meza nisije nikajibu.

Wakili akaja, binti wa msaada wa kisheria, sketi imejaa vumbi la bodaboda. Akauliza natuhumiwa kwa kosa gani hasa. Laiti ungemwona yule bwana. Sauti ilishuka, akawa anasema "wakili msomi" kila sentensi. Nilipoeleza kwamba ufunguo wa upande wa pili sina na sijawahi kuwa nao, aliandika vingine, binti akasoma, akamrudishia. Akafuta, akaandika nilivyosema. Jioni nilirudi nyumbani. Baadaye walimkamata aliyekodi upande ule, na mimi sijaitwa tena.

Kumbe hana nguvu yoyote. Alichohitaji ni wewe ukae naye peke yako. Hilo ndilo linalonichoma: uliangushwa na mtu mdogo kiasi hicho.

Mama anamwombea. Mimi siwezi, na sitajaribu.

Pumzika, Baba. Ninachokuahidi ni kwamba hakuna mtu wetu atakayeingia pale peke yake tena. Na si wetu tu. Leo wamemshika fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Mkewe amempelekea chakula, nami nimempa ujumbe amfikishie: asiseme kitu, tunakuja na wakili.

Mwanao,
Mayu