Sita na Ushei, Mjomba

Mjomba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikaiweka kalamu chini, kwa mazoea, kama vile nasubiri uitikie.

Jana tumeizima seva ya ofisi, ile inayougawia mji mtandao. Nimeona nikueleze mwenyewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeiwasha.

Bwana Nasri alikuwa amenipa muda mpaka kabla ya mfungo. Alisema kadi ya mtandao iliyomo kwenye seva ilinunuliwa ipitishe gigabiti kumi kwa sekunde, na tangu uanze kuumwa haijafika hata saba. Nyumba za wageni zinalalamika, wateja wa Dunda wanalalamika, na ikiwa kadi haitapanda, kazi yote ataihamishia kwenye mitambo ya kukodi Dar es Salaam na ofisi ataifunga. Hakusema kwa ubaya. "Binti, mimi na mjomba wako tumeanza wote," aliniambia. "Lakini wateja siwezi kuwapa kumbukumbu."

Basi nikaendelea na Ijumaa zetu za kupima. Wewe ulikuwa unavaa kanzu, unanipisha kwenye kiti, unasema, "Pima mpaka nirudi." Mji mzima unaelekea msikitini, simu zinawekwa chini, mtandao unabaki mtupu na mimi sina wa kumsumbua. Naunganisha seva na ile kompyuta yako kuukuu kwa waya mfupi, narusha data kutoka huku kwenda kule, na namba zinashuka kwenye kioo mstari kwa mstari. Ukirudi unanukia udi, na hata viatu hujavua vizuri, unauliza, "Ngapi?"

Sijasahau ulivyonifundisha. Badilisha kitu kimoja tu, pima, ndipo uguse kingine. Nilianza kwa kuvikuza vifurushi, vile vipande ambavyo data husafiri navyo. Ijumaa nyingine nikairefusha foleni ya kadi, ili vifurushi visidondoke kabla ya kupokelewa. Kisha nikaona kiini kimoja cha prosesa kinahema peke yake huku vingine vimekaa, kama shughuli ambayo mama mmoja ndiye anayepika na wengine wanapiga soga, nikaigawa kazi. Kutoka tatu tukafika tano, tukafika sita. Siku ile ya sita nilikuja mbio mpaka kitandani kwako, ukacheka mpaka ukakohoa, na shangazi akanifukuza.

Baada ya hapo haikupanda tena. Ulikuwa bado hai ilipokwama. Nikikuletea namba, unafikiri huku umefumba macho, halafu unasema, "Hebu Ijumaa ijayo irefushe foleni tena." Nikifanya, sita na ushei. Ukafariki ikiwa sita na ushei.

Ijumaa iliyopita nikaona vya kujaribu vimeniishia, nikaiuliza seva yenyewe kadi imepewa njia ya upana gani. Ikajibu nusu ya upana inaouhitaji. Nikaizima kwa muda, nikalifungua boksi. Kadi ilikuwa imechomekwa kwenye tundu fupi la chini, ambalo njia yake ni nyembamba. Tundu pana la juu lilikuwa wazi, na meno yake yote ya shaba yamekuwa ya kijani. Chumvi, Mjomba.

Umeme ulipokuwa ukikatika na kiyoyozi kuzima, seva inabaki kwenye betri, na wewe unalifungua dirisha la upande wa bahari. "Acha na yenyewe ipate upepo." Mimi nimekulia Lugoba, barabarani, malori yanapita mchana kutwa, kwetu dirisha hufungwa. Nikiinuka kulifunga unanicheka, "Bi Lugoba, huku hatuna vumbi. Huku tuna upepo wa bure." Hata ulipokuwa huwezi kukaa, ulikuwa unaomba ufunguliwe dirisha. Upepo uleule.

Nikalisugua tundu kwa spiriti na mswaki laini, nikaihamishia kadi juu, nikawasha. Seva haikuiona kabisa. Nikasugua tena. Haikuiona. Nikairudisha chini ilipokuwa, nikapima. Wewe unajua ilisema ngapi.

Kwa hiyo ulijua kuwa tundu la juu limeharibika. Boksi lile hakulifungua mtu mwingine. Nadhani kadi uliihamisha siku zile nilipokwenda Lugoba kumuuguza baba, ukaona heri ipite nusu kuliko isipite. Foleni ingerefushwa mpaka Chalinze, sita isingevuka. Nimejiuliza kwa nini hukuniambia. Labda ugonjwa ulikusahaulisha. Labda ulimwonea haya Bwana Nasri. Au ulitaka tu iwepo Ijumaa nyingine, mtu aje akukalie miguuni akuambie namba. Sikukasirika. Na mimi Ijumaa hizo nilizitaka.

Nilimwonyesha Bwana Nasri lile tundu. Akaliangalia sana, akauliza kama ubao wa ndani wa seva, wenye matundu hayo, unaweza kupatikana mpya. Nikamwambia ni wa zamani, hauuzwi tena. Akatoka nje. Aliporudi alisema neno moja tu, "Zima."

Nikazima. Feni zilipotulia nikasikia bodaboda barabarani, na mama wa vitumbua akimsimanga mteja wake. Sikuwa nimewahi kusikia kitu cha nje nikiwa ndani ya chumba kile. Wewe uliwahi? Mimi nilisimama pale nikaona sasa ndiyo umekufa.

Kazi sina. Mama amesema nirudi nyumbani, nami nitarudi, sioni la kunibakiza huku. Shangazi hajambo, ila bado anakutengea kikombe halafu anakirudisha kabatini. Ile kadi niliiomba, nikapewa. Nimeifunga ndani ya kitambaa kilichobaki cha kanzu yako.

Buriani, Mjomba wangu. Kila Ijumaa watu wakienda msikitini nitakusomea Fatiha, na sitapima kitu. Kadi itakaa Lugoba, chumbani kwangu, na dirisha nitalifunga. Sina kingine cha kukuahidi.

Wako,
Bi Lugoba